Kutoka Kitale hadi Bungoma kuitafuta sauti ya mzee

UKISHUKA kwenye matatu mjini Kitale asubuhi, kitu cha kwanza kukupokea si baridi ya Mlima Elgon, ingawa baridi hiyo ipo na itakulazimisha ufunge vifungo vyote vya koti. Kinachokupokea ni kelele. Mbele ya maduka ya vifaa vya umeme zimepangwa spika nyeusi zenye kimo cha mtoto wa darasa la tatu, na kila moja inashindana na jirani yake. Hapa rumba ya Kongo, pale nyimbo za injili, kule benga. Kifua chako kinatikisika, na vioo vya duka navyo vinatikisika. Lakini hebu simama kwa dakika mbili ujaribu kusikia mwimbaji anasema nini. Utaondoka mikono mitupu.

Msomaji, huenda nawe unayo spika ya aina hiyo sebuleni. Huenda uliinunua kwa sababu muuzaji aliifungulia besi mpaka ukahisi umepata kitu cha thamani. Sikucheki, maana hata mimi nimewahi kununua muziki kwa kifua badala ya masikio. Lakini nisindikize kutoka hapa Kitale hadi Bungoma, safari isiyofika kilomita 100, nikuonyeshe yaliyomkuta mwalimu mmoja mstaafu kwa ajili ya besi hiyo hiyo.

Mwalimu huyu anaishi mtaa wa Milimani. Alipopata kiinua mgongo, baada ya kulipa karo na kununua ng'ombe mmoja wa maziwa, alitimiza ndoto aliyokuwa nayo tangu akiwa chuo cha ualimu: kuwa na seti kamili ya muziki. Alinunua amplifaya, mashine ya kucheza kaseti na spika mbili za kabati la mbao. Baadaye kijana wake anayesoma chuo akaona seti ya baba "haina nguvu", akaongeza wufa kubwa na kuisukuma kwenye pembe ya sebule.

Mwalimu ana kaseti moja asiyoikopesha mtu yeyote. Ilirekodiwa mwaka wa 1987 nyumbani kwao karibu na Chwele, katika wilaya ya Bungoma ya wakati huo. Anayesikika humo ni baba yake mzazi, sasa marehemu, akipiga litungu na kuimba. Mashine ya kurekodia ilikuwa redio kaseti ya kawaida iliyowekwa juu ya kigoda. Hakuna picha ya video ya mzee huyo. Ukiondoa picha mbili zilizopauka, kaseti hiyo ndiyo yote iliyobaki.

Krismasi moja, mama yake Mwalimu, bibi aliyepita miaka themanini, alikuja Kitale kusherehekea na wajukuu. Baada ya chakula, Mwalimu aliamua kumwandalia mama zawadi. Akaitia kaseti, akafungulia sauti, akakaa kumtazama. Bibi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akauliza, "Huyu anayeimba ni nani?"

"Ni baba, mama."

"Baba yako nisimjue mimi?" Bibi akarudi kwenye kikombe chake cha chai.

Mwalimu aliniambia kwamba usiku ule hakupata usingizi. Hakuwa na hofu juu ya kaseti. Alimhofia mama. Alijiuliza kama ndio mwanzo wa ule usahaulifu wa uzee ambao humfanya mzazi amwite mwanawe kwa jina la mtu mwingine.

Sebule ya simiti

Nilipofika Milimani nilimwomba Mwalimu anichezee kaseti hiyo kama alivyomchezea mama yake. Sebule yake ni nzuri, tena safi: kuta za mawe zilizopakwa rangi, sakafu ya simiti nyekundu inayong'aa, madirisha makubwa ya vioo, na viti vya mbao vyenye mito myembamba. Mvua ilikuwa imeanza kugonga mabati, na kama ujuavyo, mvua ya Kitale ikigonga mabati hata mazungumzo husimama. Tukangoja ipungue.

Kaseti ilipoanza, nilisikia ngurumo. Katikati ya ngurumo palikuwa na mtu anaimba, lakini alikuwa kama mtu aliyejifunika blanketi tatu. Nyuzi za litungu zilikuwa zimeungana kuwa kitu kimoja kinachovuma. Kusema kweli, sauti yenyewe haikuwa mbaya. Ilikuwa nene, tamu, ya kuegemea. Kijana wa Mwalimu akatabasamu na kuniambia, "Unasikia hiyo joto?"

Naam, msomaji, joto. Wapenzi wa muziki wa nyumbani hubishana kila siku juu ya mambo mawili: joto na uwazi. Joto ni ule unene wa sauti unaokufanya uhisi mwimbaji yuko nawe chumbani, kifua kwa kifua. Uwazi ni ile hali ya kusikia kila kitu peke yake: kidole kinapogusa uzi, mwimbaji anapovuta pumzi, neno linapoanza na linapoishia. Joto likizidi, kila kitu hugeuka uji. Uwazi ukizidi, muziki hukukwaruza masikio kama kijiko juu ya sufuria, na baada ya nusu saa unatafuta kisingizio cha kuzima.

Mambo haya hayana uchawi. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo kuanzia 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Sauti ya mwanamume anapozungumza hutetemeka kiasi cha mara 85 hadi 180 kwa sekunde, na hapo ndipo kifua chake kilipo. Lakini herufi kama s, f, t na sh hukaa juu sana, kuanzia mitetemo elfu mbili hivi hadi elfu nane na kupita. Kwa hiyo unene wa mtu uko chini, na maneno yake yako juu. Ukikuza upande mmoja na kuusahau wa pili, unampata nusu mtu.

Kuna la ziada. Sauti nzito ina tabia ya kuifunika sauti nyembamba kuliko sauti nyembamba inavyoweza kuifunika ile nzito. Aidha, masikio yetu yanapozeeka hupoteza kwanza zile nyembamba. Basi besi ikizidi nyumbani, wa kwanza kuonewa ni babu na nyanya. Vijana wanacheza, wazee wanasikia ngurumo.

Sebule ya Mwalimu nayo ilichangia. Wimbi la sauti yenye mitetemo 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita saba, refu kuliko chumba chenyewe. Wimbi kama hilo likikosa pa kwenda hujikusanya kwenye pembe za nyumba, na pembeni ndipo wufa ilipowekwa. Zile sauti nyembamba nazo ziligonga simiti na vioo, zikarudi zikiwa zimechelewa kidogo na kuvuruga maneno. Mwalimu alikuwa amenunua vyombo vizuri na kuviweka ndani ya tangi.

Nyumba ambamo litungu lilizaliwa

Kabla ya kuondoka Kitale nilimwomba Mwalimu tupitie makumbusho ya mji huo. Ukifika Kitale usiyakose. Yana historia ndefu: Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyependa kukusanya wadudu, ndege, vitabu na vifaa vya wenyeji, alianzisha makumbusho yake binafsi mwaka wa 1926, mwaka ule ule ambao reli ilifika Kitale. Makumbusho ya umma tunayoyaona leo yalifunguliwa mwaka wa 1974. Kuna njia ya kutembea chini ya miti ya asili, na kuna nyumba za kiasili zilizojengwa kuonyesha jinsi jamii za magharibi ya nchi zilivyoishi.

Nilimwambia Mwalimu aingie katika nyumba moja ya udongo na makuti ya nyasi, kisha apige makofi mara moja. Akapiga. Kofi lilisikika na kuisha pale pale. Tulipotoka nje akasema polepole, "Kwangu kofi hilo lingezunguka mara tatu."

Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Nyasi na udongo humeza sauti. Litungu, ala ya Wabukusu yenye nyuzi saba zilizokazwa juu ya kibuyu cha mbao kilichowambwa ngozi, lilipigwa katika nyumba kama hizo au uani chini ya mti. Halikuhitaji kushindana na kuta. Mpigaji alikaa kati ya watu, na waliokuwa karibu walisikia kidole, uzi, ngozi na neno. Joto na uwazi vilikuwa kitu kimoja, na hakuna aliyewahi kuvitenganisha mpaka tulipoanza kuutia muziki kwenye kabati la spika.

Wala usidhani lazima chombo kiwe cha bei ghali ndipo mtu atambulike ndani yake. Mwaka wa 1950 mtafiti Hugh Tracey alipokuwa akirekodi muziki wa Kenya, alikuta miongoni mwa Wakipsigis wimbo uitwao Chemirocha. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1933 na ambaye santuri zake zilifika hadi vijijini. Gramafoni za kuzungusha kwa mkono hazikuwa na besi ya kutajika. Sauti yake ilikuwa nyembamba, tena ya kukwaruza. Hata hivyo mwimbaji wa mbali alisikika kiasi cha kupewa jina la kienyeji na kuimbiwa kwa kinubi. Kumbe mtu anaweza kuvuka bahari bila wufa.

Njiani

Tulikodi Probox, tukapakia amplifaya, mashine ya kaseti na zile spika mbili za mbao. Wufa tuliiacha. Kijana wa Mwalimu alinung'unika lakini akaja, maana alitaka kuona mwisho wa ubishi.

Barabara kutoka Kitale inapita katika mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia hadi Kiminini, kisha Kamukuywa, na ukitazama upande wa kulia siku isiyo na ukungu utauona Mlima Elgon umelala kama ng'ombe aliyeshiba, mita 4,321 juu ya bahari. Kitale iko kwenye mita 1,900 hivi. Bungoma iko karibu mita 1,400. Utahisi tofauti hiyo kwenye ngozi. Koti ulilofunga asubuhi utalivua kabla ya Webuye.

Webuye, mji uliojulikana zamani kama Broderick Falls, tulisimama kutazama maporomoko ya Nabuyole, ambapo mto Nzoia unajitupa juu ya mawe. Mwalimu alisogea ukingoni akaanza kunisimulia jambo. Niliona midomo ikicheza tu. Nikamwonyesha sikio. Alipopiga hatua kama kumi kurudi nyuma, nikamsikia vizuri, ilhali maji bado yalikuwa yakivuma vile vile. Akacheka. "Nimeelewa," akasema. "Mimi ndimi niliyemkalisha mzee kwenye maporomoko."

Wazazi wenye vijana, nawaomba mlikumbuke hili pia kwa ajili ya afya. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isisikilizwe zaidi ya saa 40 kwa juma. Ikipanda hadi desibeli 90, muda salama unashuka hadi saa nne tu kwa juma. Seli za ndani ya sikio zikifa haziioti tena. Anayejaza chumba besi kila siku anatumia leo masikio ya kesho.

Kichwa kilichochafuka

Mjini Bungoma, kabla ya kuelekea Chwele, tulipitia kwa fundi wa redio ambaye Mwalimu anamfahamu tangu miaka ya sabini. Kibanda chake ni kidogo, kimejaa redio zilizofunguliwa matumbo. Mzee huyo wa miwani aliisikiliza kaseti kwa muda mfupi sana, akaizima.

"Mwalimu, uliisafisha lini hii mashine?"

Mwalimu akanyamaza.

Fundi akachovya pamba kwenye spiriti, akasugua kile kichwa kidogo cha chuma kinachosoma kanda. Pamba ikatoka na rangi ya kahawia, kama iliyofutia viatu. Akatueleza kwamba kanda ya kaseti hupita mbele ya kichwa hicho kwa mwendo wa chini ya sentimita tano kwa sekunde. Kwa mwendo huo mdogo, vumbi jembamba tu likiiinua kanda kutoka kwenye chuma, sauti za juu hupotea kwanza. Halafu akachukua bisibisi ndogo, akagusa skrubu iliyo kando ya kichwa, akaizungusha kidogo mno huku akisikiliza. Kichwa kikiinama hata kiasi cha unywele, alisema, sauti nyembamba hufifia.

Akazungusha, akarudisha, akazungusha tena. Ghafla nyuzi za litungu zikaachana. Moja, mbili, tatu, ungeweza kuzihesabu. Kijana wa Mwalimu, aliyekuwa akichezea simu yake, akainua kichwa.

"Kanda yako haijafa," fundi akasema. "Ilikuwa imefunikwa. Wewe ukaongeza kifuniko kingine."

Msomaji, mara ngapi tumefanya hivyo? Sauti ikififia hatutafuti kilichoifunika. Tunakimbilia dukani kuongeza chombo kingine juu yake.

Mbele ya bibi

Nyumbani kwa bibi ni mwendo mfupi kutoka soko la Chwele. Nyumba ni ya udongo uliosilibwa vizuri, paa la mabati, dari ya magunia yaliyoshonwa na kupakwa chokaa. Viti vimevishwa vitambaa vya kufuma, na sakafuni kuna mikeka. Stima ilifika miaka michache iliyopita. Bibi alitupokea kwa "mulembe" na kututaka tule kwanza. Tukala ugali kwa kuku. Katika nyumba ya Kibukusu hata shughuli ya umeme hungoja chakula.

Kijana akaunganisha nyaya kwa haraka. Kaseti ikaanza. Maneno yalikuwa wazi kabisa, kila herufi mahali pake, na nikafikiri kazi imekwisha.

Bibi alisikiliza. Safari hii uso ulibadilika. Mzee alipotamka neno lenye s, palisikika mluzi mdogo, kama upepo kwenye tundu la ufunguo. Bibi akainua kidole.

"Hilo ni pengo," akasema. "Alianguka na baiskeli kabla hajanioa. Jino la mbele."

Mwalimu akainama akajifanya anarekebisha kamba ya kiatu.

Lakini bibi hakutabasamu. Aliendelea kusikiliza, kisha akamgeukia mwanawe kwa wasiwasi. "Mbona anaimba kama mgonjwa? Siku ile hakuwa mgonjwa. Alikuwa amekula vizuri. Kifua chake kimeenda wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba bibi huyu, asiyejua amplifaya ni nini, ana masikio bora kuliko sote tuliokuwa chumbani. Kweli, sauti ilikuwa nyembamba kupita kiasi. Besi ilikuwa imetoweka kabisa, si kupungua tu. Nikamwomba kijana atazame nyaya nyuma ya spika. Kwenye spika ya kushoto, waya wa nyekundu ulikuwa umeingia kwenye nyeusi, na wa nyeusi kwenye nyekundu.

Kosa hili ni la kawaida sana majumbani, na pengine liko kwako sasa hivi. Nyaya zikipishana upande mmoja, koni ya spika moja inasukuma hewa wakati ile ya pili inaivuta. Sauti nzito za pande mbili hukutana na kufutana. Vyombo vyote vinafanya kazi, taa zinawaka, ila kifua cha mwimbaji hakipo. Wengi wakisikia hivyo hukimbilia kununua wufa, na huo ndio mwanzo wa safari ya kurudi kwenye ngurumo.

Kijana akazima, akabadilisha waya. Nikamwomba pia asogeze spika hadi kiasi cha hatua moja kutoka ukutani, mbali na pembe, na azielekeze kwenye kiti cha bibi, ili spika mbili na kiti vifanye pembetatu yenye pande zinazokaribiana. Vitufe vya besi na trebo tukaviacha katikati, sufuri kwa sufuri.

Kaseti ikarudishwa mwanzo. Kwanza ikasikika milio ya kuku uani, siku ile ya mwaka wa 1987. Kisha mtu akakohoa, akajaribu nyuzi, akavuta pumzi. Alipoanza kuimba, alikuwa mtu mzima mwenye kifua na koo, na lile pengo lake likipiga mluzi pale pale kwenye s.

Bibi hakulia, kama wewe msomaji unavyoweza kudhani. Alisikiliza nyimbo mbili nzima akipiga goti kwa kiganja. Katikati ya wimbo wa tatu akanyoosha mkono kuelekea spika kama anayemkaripia mtu. "Umesikia? Amekosea hapo! Uzi ule alikuwa akiukosea kila siku. Nilimwambia." Akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikalegea.

Kijana akamkaribia. "Kukhu, niongeze sauti?"

"La. Acha hivyo hivyo. Hakuwa mtu wa kupiga kelele."

Ukirudi nyumbani

Msomaji, sitakuambia ununue chombo gani. Vyombo vinakuja na kupita. Kaseti ililetwa na Philips mwaka wa 1963, sidii ikaja mwaka wa 1982, na leo muziki wote unabebwa kwenye simu. Kipimo ndicho kisichobadilika: chukua sauti ya mtu unayemjua. Rekodi mama yako kwa simu akisimulia jambo lolote, kisha icheze kwenye seti yako akiwa ameketi chumbani. Mtazame yeye, sikiliza spika. Je, ni mtu mmoja? Akisikika kama anazungumzia ndani ya pipa, besi imezidi au spika ziko pembeni mno. Akisikika kama anayetoka kwenye simu ya zamani, chunguza nyaya, kisha zisogeze spika karibu kidogo na ukuta.

Chumba chako ni sehemu ya seti. Pazia zito, zulia, kochi lenye vitambaa, hata kabati la vitabu, vitakusaidia kuliko spika ya tatu. Ukisikiliza kwa sauti ya chini usiku, usishangae besi ikipungua. Watafiti wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha tangu mwaka wa 1933 kwamba sikio la binadamu husikia vibaya sauti nzito zinapokuwa ndogo. Ongeza besi kidogo usiku ukitaka, lakini asubuhi uirudishe.

Na kama una kaseti ya mzazi, usingoje. Iweke mbali na unyevu na mbali na spika, kwa sababu spika zina sumaku. Msafishe kichwa fundi, kisha ufanye nakala kwenye kompyuta au simu bila kuongeza besi wala trebo. Mapambo yatawekwa baadaye na atakayetaka. Nakala ya kwanza ibaki kama alivyokuwa.

Tulirudi Kitale jioni, Probox ikiwa nyepesi. Mwalimu aliiacha seti yote Chwele. Alisema hakuona sababu ya kumwondoa mzee nyumbani kwake mara ya pili. Njia nzima hakutaja tena usahaulifu wa mama. Alitaja tu lile jino, na kwamba miaka yote hiyo hakuwahi kuambiwa habari za baiskeli.

Kuhusu wufa, bado iko pembeni mwa sebule ya Milimani. Safari iliyopita niliikuta imetandikwa kitambaa cheupe, na juu yake chungu cha maua.